Uzee Si Ugonjwa: Bibi, Saratani na Neno Nililolificha

Makala ya mwanachama wa mwaka wa 4, masomo ya udaktari

Wanachama wenzangu, mhariri aliponiomba makala ya toleo hili alitaka niandike juu ya maisha ya mwanafunzi wa udaktari ugenini: mitihani, zamu za wodini, baridi ya kusubiri basi saa kumi na mbili asubuhi. Nilikubali, kisha nikakaa mbele ya kompyuta siku tatu bila kuandika mstari. Kilichokuwa moyoni mwangu hakikuwa mitihani. Lilikuwa neno moja ambalo mwaka jana nilimtafsiria bibi yangu vibaya, tena kwa makusudi, mbele ya daktari.

Wengi wetu humu chamani tuna mzee nyumbani. Wengine wanaye hapahapa Uingereza, wengine wamemwacha Tanga, Mombasa, Unguja au Bujumbura na kumsikia kwa simu tu. Siku moja baadhi yetu tutaulizwa swali nililoulizwa mimi: mzee ana saratani, je, apasuliwe au aachwe? Naandika ili siku hiyo isikukute hujui pa kuanzia kama ilivyonikuta mimi, ambaye nilijidhania najua.

"Uzee huo"

Bibi yangu ana miaka 81. Ni mzaliwa wa Pangani, na alikuja huku zaidi ya miaka ishirini iliyopita kumsaidia ami kulea watoto, akabaki. Mimi ni mjukuu wake wa kiume wa kwanza, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ananiita "mume wangu" na kunidai mahari kila nikienda kumwamkia.

Mwaka jana katika Ramadhani alianza kuchoka. Tulisema ni saumu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, uchovu haukuondoka. Akaacha kupanda ngazi, akashusha godoro sebuleni. Akaacha kupika mikate ya maji siku za Jumapili. Shangazi akasema, "Uzee huo, mnataka akimbie mbio?" Sote tukaridhika na jibu hilo, na mimi msomi wa udaktari nikiwemo.

Ilifika Oktoba ndipo daktari wa familia alipompima damu, akakuta ni pungufu sana na madini ya chuma yamekwisha mwilini. Akampeleka hospitali kuchunguzwa kwa kamera. Ikaonekana saratani kwenye utumbo mpana, upande wa kulia.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna somo. Utumbo mpana upande wa kulia ni mpana zaidi, na kinyesi kinachopita huko bado ni majimaji. Uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila kuziba njia. Unachofanya ni kuvuja damu kidogo kidogo, ikachanganyika na kinyesi hata isionekane kwa macho. Mgonjwa haoni damu wala hasikii maumivu makali. Anachosikia ni uchovu, pumzi kumpanda, moyo kumwenda mbio akipanda ngazi. Mzee akipungukiwa na madini ya chuma bila sababu inayojulikana, hiyo si dalili ya uzee. Ni dalili ya kutafuta damu inavujia wapi. Tulipoteza miezi sita hivi kwa neno "uzee".

Neno nililolificha

Siku ya kwenda kupewa majibu tulikwenda watatu: bibi, ami na mimi. Hospitali ilikuwa imepanga mkalimani wa simu, lakini simu ikakatika mara mbili. Ami akaona njia ya mkato. "Mjukuu wake huyu hapa," akasema, "anasomea kazi hiihii." Daktari akasita, akanitazama, akakubali kwa muda tu.

Akaeleza taratibu, kwa sentensi fupi. Hii ni saratani. Picha hazionyeshi kwamba imefika kwenye ini wala mapafuni. Inaweza kuondolewa kwa upasuaji mkubwa. Kwa umri wake kuna hatari, na angependa kuzungumza naye juu ya hatari hizo.

Ami akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikageuka kwa bibi nikasema, "Bibi, daktari anasema una kiuvimbe kidogo tumboni, watakitoa."

Bibi alinitazama muda. Kisha akasema polepole, "Amesema maneno mengi kuliko hayo, mume wangu."

Sikumjibu. Darasani tulikwisha kufundishwa kwamba jamaa wa mgonjwa asifanywe mkalimani, nami niliandika kwenye daftari nikidhani sababu ni kwamba jamaa hajui maneno ya kitaalamu. Kumbe sababu kubwa ni nyingine. Jamaa anaogopa, na mtu mwenye hofu hutafsiri kile anachoweza kukistahimili yeye.

Usiku ule nyumba ya ami ilijaa. Ami alitaka operesheni ifanyike upesi, hata kesho. Shangazi alisema mtu wa miaka 81 hakatwi, aachwe amalize siku zake kwa heshima. Binamu aliyeko Dar es Salaam alikuwa kwenye simu akisema arudishwe nyumbani. Kila mmoja alizungumza kwa mapenzi, na kila mmoja alikuwa na hoja. Bibi alikuwa chumba cha pili akiswali Isha. Hakuna aliyemwendea.

Asubuhi nilimpelekea chai nikamwambia yote, pamoja na neno saratani. Hakulia. Alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mlidhani sijui? Dada yangu aliondoka na tumbo hilihili." Akanywa chai. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuulizwa na mtu yeyote katika kikao cha usiku: "Wakinikata, nitaweza kwenda msalani mwenyewe?"

Nani anayetia sahihi?

Ami aliamini kwamba yeye, akiwa mtoto mkubwa wa kiume, ndiye atakayetia sahihi. Kwetu ndivyo tulivyozoea. Lakini kwa sheria ya England na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kuamua, kila mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuwa mzee, kutojua Kiingereza au kuamua jambo ambalo wengine wanaliona si la busara hakumwondolei haki hiyo. Akiwa na akili zake timamu, hakuna mtoto, ndugu wala mume awezaye kumridhia.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliongeza uzito katika kesi ya Montgomery iliyotoka Scotland. Tangu hapo daktari anatakiwa amweleze mgonjwa hatari zile ambazo mgonjwa huyo, kwa hali yake, angeona zina maana, pamoja na njia nyingine za matibabu zilizopo. Kipimo si tena kile ambacho madaktari wenyewe wanaona kinatosha kusemwa. Kwa bibi, hatari yenye maana ilikuwa kushindwa kwenda msalani peke yake. Daktari angeijuaje kama mimi ninasimama katikati nikitafsiri "kiuvimbe"?

Nilipiga simu hospitali nikaomba miadi mingine na mkalimani wa kweli. Walikubali bila maneno mengi.

Miaka ni hesabu, nguvu ni habari nyingine

Miadi ya pili haikuwa na mpasuaji peke yake. Kulikuwa na daktari bingwa wa magonjwa ya wazee na muuguzi wa saratani. Utaratibu huu wa bingwa wa wazee kumwona mgonjwa kabla hajapasuliwa umeenea hapa nchini taratibu. Hospitali za Guy's na St Thomas' jijini London ni miongoni mwa walioutangulia, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sababu yake ni hesabu ya watu. Nchini Uingereza zaidi ya theluthi moja ya saratani mpya hugunduliwa kwa watu wa miaka 75 na kuendelea, na kwa saratani ya utumbo mpana ni zaidi ya watu 4 katika kila 10. Kumnyima mtu upasuaji kwa sababu ya umri peke yake ni kuwaacha nje wagonjwa wengi mno. Mwanamke aliyefika miaka 80 hapa nchini, kwa wastani, bado ana miaka 9 hivi mbele yake. Uvimbe ukiachwa unaweza kuziba utumbo, na hapo atapasuliwa usiku kwa dharura. Kwa mzee, upasuaji wa dharura una hatari kubwa kuliko ule uliopangwa.

Lakini pia si kila mzee anaufaa upasuaji mkubwa. Wazee wawili wa miaka 81 wanaweza kuwa mbali sana kwa nguvu. Mmoja analima bustani, mwingine hawezi kuvaa shati mwenyewe. Kinachopimwa ni udhaifu, yaani akiba ya nguvu aliyonayo mwili wa kustahimili kishindo. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake wa Halifax, Kanada, walichapisha mizani ya udhaifu inayotumika leo katika nchi nyingi. Ilianza na ngazi 7, sasa ina 9. Ngazi ya 1 ni mzee aliye mzima na mchangamfu kabisa, ya 9 ni aliye karibu na mwisho wa maisha. Bibi aliwekwa ngazi ya 4: hamtegemei mtu kwa shughuli za kila siku, ila maradhi yamempunguza kasi.

Vipimo vyenyewe vingine ni vya kawaida hata ungedhani ni mchezo. Aliambiwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, huku muuguzi anahesabu sekunde. Akaulizwa nani anampikia, nani anamwogesha, ameanguka mara ngapi mwaka huu, uzito umepungua kiasi gani, anakunywa dawa zipi. Akapimwa moyo, mapafu na figo.

Kisha kikaja kipimo cha kumbukumbu. Humo mgonjwa hukumbuka maneno 3 na kuchora uso wa saa. Muuguzi alitaka mishale ionyeshe dakika kumi baada ya saa ambayo Waingereza huiita ya kumi na moja. Mkalimani, sijui kwa haraka, akatafsiri vilevile: "saa kumi na moja na dakika kumi." Bibi akachora duara zuri, akaandika tarakimu zote, akaweka mshale mfupi kwenye 5, kama ambavyo kila Mswahili angeuweka. Muuguzi akaandika kosa.

Nilikuwa nimeagizwa nikae kimya, nami nilitaka kutii. Lakini hapo niliinua mkono. Nikaeleza kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, na kwamba alichotakiwa kuambiwa bibi ni "saa tano na dakika kumi". Daktari wa wazee akacheka, akafuta ile alama, akaomba kipimo kirudiwe. Bibi akapata alama zote. Fikiri ni wazee wangapi wa Kiswahili wameandikiwa kwamba akili zimeanza kupotea, kumbe kilichopotea ni saa sita.

Kujiandaa kama mtu anayekwenda safari

Hospitali za hapa zina lengo kwamba mgonjwa aanze matibabu ndani ya siku 62 tangu daktari wa familia alipomtuma kwa dharura kwa kushukiwa saratani. Katika muda huo wa kusubiri mna kazi. Zamani mgonjwa aliambiwa apumzike, akae kitandani. Siku hizi anaambiwa ajijenge.

Bibi alipewa madini ya chuma kwa dripu, maana vidonge vingechukua muda mrefu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mambo matatu: kutembea kila siku mpaka pumzi ianze kupanda, kuinuka na kukaa kitini mara kumi bila kushika mikono, na kuvuta pumzi ndefu za kupanua mapafu. Nje kulikuwa na baridi kali, kwa hiyo shangazi alimpeleka duka kubwa kila asubuhi, akasukuma kigari kitupu safu hadi safu. Wauzaji wakamzoea hadi wakawa wanamsalimu.

Chakula nacho kilibadilishwa. Mzee akilala kitandani misuli yake huyeyuka haraka, na mwili unahitaji protini kuziba majeraha. Tuliongeza mayai, samaki, maziwa, kunde na maharage, tukapunguza chai na mkate mkavu ambavyo vilikuwa ndiyo mlo wake wa siku nzima.

Jambo moja lilitaka ujasiri. Bibi alikuwa akinywa dawa za mitishamba alizoletewa na jirani, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu, na hakupenda daktari ajue. Lakini baadhi ya vitu hivyo huweza kuongeza kutoka kwa damu, au kugombana na dawa za usingizi, presha na kisukari. Tulivikusanya vyote kwenye mfuko tukampelekea daktari wa usingizi. Hakumkaripia mtu. Aliviandika kimoja kimoja, akasema kipi kiachwe na lini. Mwenye mzee anayevuta sigara au kula tumbaku amshawishi aache wiki kadhaa kabla, kwa kuwa mapafu na vidonda hupona vizuri zaidi.

Siku ya nusu kaputi

Mpasuaji alimweleza bibi kwa kuchora kwenye karatasi. Wangepitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo ya tumbo, wakate upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi zilizo karibu, kisha waunganishe ncha mbili zilizobaki. Kwa sehemu ile, mara nyingi mgonjwa hahitaji mfuko wa kupokelea kinyesi tumboni. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la bibi. Akamtajia na hatari: kiungio kuvuja, nimonia, damu kuganda miguuni, moyo kulemewa, na akili kuchanganyikiwa kwa muda. Akamwambia pia ni wagonjwa wangapi katika 100 wa hali kama yake ambao hawatoki salama.

Bibi aliuliza, "Na nisipokatwa?" Akaelezwa vilevile, bila kutishwa. Akaomba siku mbili za kuswali istikhara. Siku ya tatu akasema, "Nikateni. Lakini nikishindwa kuamka, msinifungie kwenye mashine mwezi mzima." Ikaandikwa hivyohivyo. Akatia sahihi kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni Pangani.

Operesheni ilikwenda salama. Kesho yake asubuhi walimkalisha kitini. Shangazi alishtuka, akataka kugombana na wauguzi. Hili nalo lina historia: katika miaka ya 1990 mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alionyesha kwamba mgonjwa wa utumbo akiinuliwa mapema, akala mapema na akatulizwa maumivu vizuri, hupona haraka kuliko aliyelazwa na kufungishwa. Siku ya pili tuliruhusiwa kumletea uji mwepesi.

Usiku wa pili ndio ulikuwa mgumu. Simu ya ami ililia saa nane. Bibi alikuwa amechomoa dripu na anataka kushuka kitandani, anasema jahazi linaondoka na maji yanakupwa. Muuguzi alimwomba ami aje. Tulipofika, bibi alimwita ami kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Ami, mtu mzima, alitoka nje akalia ukutani. Alidhani nusu kaputi imemla mama yake akili.

Haikuwa hivyo. Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji huwapata wazee wengi. Hutokana na mambo mengi kwa pamoja: maumivu, dawa, homa, kukosa usingizi, kukosa choo, sauti na sura ngeni. Kwa wengi hupungua katika siku chache, ingawa wengine huchukua muda mrefu zaidi. Lazima madaktari watafute chanzo. Lakini tiba nyingine iko mikononi mwa jamaa. Miwani ya bibi ilikuwa kwenye droo, vyombo vyake vya masikio vilikuwa nyumbani, na kwa siku mbili hakusikia neno la Kiswahili ila saa ya kutembelewa. Tulimvalisha miwani, tukaleta vyombo vya masikio na saa ya ukutani, tukapangiana zamu kwa ruhusa ya wodi. Ami alikaa pembeni akimsimulia habari za Pangani, mto na mashamba ya mkonge. Siku ya tano asubuhi aliniona mlangoni akasema, "Mume wangu, mahari yangu yako wapi?" Hapo nasi tulipumua.

Pale kisu kisipokuwa jibu

Nisingependa mtu afunge gazeti akidhani nasema kila mzee apasuliwe. Mwanachama mwenzetu mmoja ameniruhusu nieleze ya babu yake, aliyekuwa Kenya, miaka 84, mwenye saratani ya umio. Ugonjwa huu uko kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Kuondoa umio ni miongoni mwa operesheni nzito kuliko zote: hufunguliwa tumbo na mara nyingi kifua, na tumbo la chakula huvutwa juu kuwa njia mpya. Babu huyo alikuwa na moyo dhaifu na alikwisha kukonda. Wajukuu walioko nje walianza kuchanga fedha za operesheni, na kundi la familia la simu likagawanyika pande mbili.

Daktari aliwauliza jambo moja: mzee mwenyewe anataka nini? Mzee alitaka kumeza. Basi akawekewa bomba la wavu ndani ya umio, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeifanya kwa wagonjwa wengi kwa miaka mingi. Akarudi nyumbani, akanywa uji, akala viazi vilivyopondwa, akakaa na watu wake miezi mitano. Hiyo ni tiba shufaa, na si kushindwa.

Tunaotuma fedha nyumbani tujue na hili. Uchunguzi mkubwa wa matokeo ya upasuaji uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, wagonjwa 11,422, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wagonjwa hao walikuwa na uwezekano mara mbili wa kufa baada ya operesheni ukilinganisha na wastani wa dunia, ijapokuwa walikuwa vijana zaidi. Wengi sana waliofariki hawakufia mezani. Walifariki siku zilizofuata. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nani atakata?", uliza "nani atamwangalia usiku wa pili na wa tatu?"

Maswali ya kwenda nayo

1. Mzee mwenyewe anaogopa nini kuliko vyote, na anataka kuendelea kufanya nini?
2. Asipopasuliwa, itakuwaje? Kuna njia nyepesi zaidi?
3. Nguvu zake zimepimwa, au umeangaliwa umri tu?
4. Kitu gani kinaweza kurekebishwa kabla: damu, sukari, lishe, mazoezi, dawa?
5. Baada ya operesheni atalazwa wapi, na akirudi nyumbani nani atamsaidia wiki za kwanza?
6. Mkalimani amepangwa? Asiwe wewe.

Na mawili ya hapa nchini. Katika England watu wa miaka 50 hadi 74 hutumiwa kwa posta, kila miaka 2, kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana. Wazee wetu wengi hukitupa kwa aibu au kwa kutosoma barua. Kifungue nao. Aliyetimiza 75 hatumiwi tena, ila anaweza kupiga simu akakiomba. Pili, mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi huweza kutozwa matibabu ya hospitali kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Mkatieni bima kabla hajapanda ndege, na msimfiche daktari kwa kuogopa bili, maana matibabu ya dharura hayatakiwi kucheleweshwa kwa ajili ya malipo.

Bibi leo

Majibu ya maabara yalionyesha saratani ilikuwa imegusa tezi mbili. Madaktari walimpa nafasi ya dawa za kuua saratani, wakamweleza faida na taabu zake kwa mtu wa umri wake. Akauliza swali lake lilelile la msalani, akafikiri, akazikataa. Ami hakufurahi, na hata sasa hafurahi. Lakini safari hii alikaa kimya, akamwacha mama yake aseme.

Saratani inaweza kurudi. Bibi anajua, na sisi tunajua kwamba anajua, na nyumba imekuwa nyepesi kwa hilo. Godoro limerudi ghorofani. Jumapili anapika mikate ya maji, ila siku hizi hukaa kwenye kiti na shangazi hushika mwiko anapochoka.

Mwezi uliopita nilimwambia kwamba ninataka kuandika habari hii, nikamwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba niandike na lile kosa langu. Kisha akasema, "Mume wangu, ukishakuwa daktari, mgonjwa akikuuliza, mwambie maneno yote."

Wasalaam.